Shujaa wa Kabati la Mabomba

Tulimwacha Sajini ameinua fimbo juu ya kabati la kioo, wageni wameziba masikio, nawe msomaji wangu wiki nzima unanisimamisha njiani kuniuliza kama kioo kilivunjika. Hakikuvunjika. Shusha pumzi, nikusimulie.

Fimbo ilikuwa tayari inashuka pale Kamanda alipojitupa mbele ya kabati na kulikumbatia kwa mikono miwili. Usimsifu. Hakuwa anamkinga baba yake na aibu, wala hakuwa anazikinga nishani. Kabati lile lilikuwa la kuonyeshea mabomba na koki za kuogea, lilikwisha kupata mnunuzi, na mnunuzi alilitaka likiwa zima.

"Baba! Kioo cha mteja hicho!" alipiga kelele.

Fimbo ikasimama karibu na sikio lake.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti lililopita kwa kuwa jirani aliliazima akajitia kusahau, nikukumbushe kwa ufupi. Kamanda si kamanda. Hajawahi kulala hata kwenye hema. Ni muuza vigae, masinki na vyoo, na jina hilo alijipa mwenyewe siku aliponunua kofia ya madoadoa. Mwanajeshi ni Sajini, baba yake mzazi, aliyerudi kutoka vitani na mguu mzito na maneno machache.

Na hii sherehe ya kuonyesha nishani za mzee ilifanyika mle mle dukani, masinki upande huu na vyoo upande ule, kwa sababu moja tu. Wazee wa jeshi wanajenga ukumbi wao. Ukumbi unahitaji vigae. Mwenyekiti wa ujenzi ni Kanali mstaafu, ambaye wakati huo alikuwa amekaa kiti cha mbele na chupa ya soda mkononi.

Ndiyo maana upendo wa mtoto kwa baba ukachipuka ghafla. Ulikuwa umelala miaka yote, ukaamshwa na sakafu ya watu.

"Ziko wapi?" Sajini aliuliza.

"Nini, Baba?"

"Nilikupa soksi ina beji za kofia, sita. Ulisema unakwenda kuzisafisha. Humu ndani naiona moja."

Kamanda akacheka. Ni kile kicheko anachowapa wateja wanaorudisha kigae chenye ufa.

"Ah, Baba! Ndilo hilo tu? Si zote zilikuwa aina moja? Sisi wakusanyaji hatuweki vitu vya aina moja. Kila aina, kimoja. Vinavyozidi unabadilishana na wenzako, unapata usichonacho. Ndiyo fani yenyewe ilivyo."

Msikie: sisi wakusanyaji! Mtu aliyeanza kukusanya baada ya kusikia habari za ukumbi. Nishani mbili halali za baba yake alizisugua kwa dawa ya kung'arisha masinki, akazilaza juu ya mahameli ya buluu, akaziwashia taa ya kioo cha bafuni. Chini ya moja akaandika VITA VIKALI. Chini ya nyingine akaandika VITA VIKALI ZAIDI.

"Ulibadilishana na nani?" Sajini aliuliza.

"Na Mzee Kutu, yule muuza vyuma wa sokoni. Tena nimempiga bao mchana kweupe! Nimempa vile vibeji vitano vilivyofubaa, kanipa hii hapa."

Akaonyesha katikati ya kabati. Palikuwa na nyota ya dhahabu yenye upana wa kisosi, na utepe mwekundu wa kuning'inia. Ilikuwa inang'aa kupita taa yenyewe.

Kanali aliweka soda chini, akavaa miwani, akainuka. Alipoinuka yeye wageni wote wakanyamaza, kwa maana tumbo lake lina cheo.

"Nyota hii naijua," alisema. "Niliiona vitani kwa macho yangu. Haikuwa ya kupewa mtu hivi hivi tu."

Makofi yakapigwa. Kamanda akatoa meno yote nje.

"Mimi sijawahi kuiona," Sajini alisema.

"Mnamwona mzee alivyo mnyenyekevu?" Kanali akawageukia wageni. "Askari wa zamani ndivyo tulivyo. Hatupendi kujisifu."

Sasa kuna mtu mmoja duniani ambaye Kamanda anamwogopa, naye ni dada yake mkubwa, Mkunga. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na mpaka leo anajua mahali pa kumfinya. Mkunga alisogea kimya, akafungua kabati, akaitoa ile nyota na kuigeuza nyuma.

"Dada, usiiguse! Alama za vidole!"

Mkunga akasoma kwa sauti ile ile anayowaambia wajawazito wasukume.

"'Maonyesho ya Mifugo. Fahali Bora.'"

Kisha kule nyuma, upande wa vyoo, mtu mmoja akashindwa kujizuia, na kicheko chake kikawaambukiza wengine mpaka masinki yakaitikia.

"Dada!" Kamanda alilia. "Nimedanganywa! Yule mzee ni tapeli!"

"Umemvalisha baba yetu nishani ya ng'ombe," Mkunga alisema. "Mbele za watu."

Na yule shahidi wetu aliyeiona vitani? Kanali alivua miwani, akaipangusa, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyosema. Kisha akakumbuka kwamba ana kikao mahali fulani. Alimalizia soda yake kwanza, ndipo akaondoka.

"Kanali! Na vile vigae vya ukumbi?" Kamanda alimkimbilia hadi mlangoni.

"Tutawasiliana," Kanali alijibu bila kugeuka. Nawe unajua watu wakubwa wanaposema tutawasiliana wanamaanisha nini.

Ningependa kukuambia kwamba hapo ndipo aibu ilipoishia, tukacheka, tukaenda zetu. Lakini mwanamke mmoja alisimama. Alikuwa amekaa nyuma kabisa juu ya choo kilichofunikwa, kwani viti vilikuwa vimekwisha. Ni mwalimu wa chekechea. Alikuja na Mkunga, aliyempokelea mtoto wake wa mwisho, na katika maongezi yao ya wodini ndimo kilimotajwa kikosi walichotumikia baba wa huyu na baba wa huyu. Mkunga akampelekea baba yake jina la marehemu, na mzee akajibu kwamba beji yake anayo.

"Shikamoo, Baba," alimwambia Sajini.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kuuliza. Katika hizo tano, ya baba yangu ilikuwemo?"

Sajini aliishusha fimbo, akaiegemea. Uso wake ulikuwa umechoka ghafla.

"Ilikuwemo," alisema.

"Zilikuwa zinafanana lakini!" Kamanda alirudi kutoka mlangoni na ubishi wake. "Mtu mmoja kofia sita za nini?"

"Hiyo ya kabatini ndiyo yangu," Sajini alisema. "Tano ni za wenzangu. Kwenye platuni yetu tulikuwa na utaratibu wetu, haukuandikwa popote. Mwenzako akifa, wewe uliyemfumba macho unavua beji kwenye kofia yake. Huipeleki ofisini. Unakaa nayo mpaka aje mtu wa damu yake aiombe. Mimi niliwafumba macho watu watano. Nimekaa nazo, nangoja. Wa kwanza kuja ni huyu."

"Ungenieleza, Baba!"

"Ungeuliza. Na hata macho ungeyatumia. Zinafanana mbele. Nyuma uligeuza?"

Kamanda alikuwa hajageuza. Mkusanyaji wetu anatazama mbele tu, kwa kuwa mbele ndiko kunakotazamwa na wageni.

"Moja imefungwa kwa waya," Sajini aliendelea. "Moja kwa uzi wa kiatu. Kila mtu na shida zake, hapakuwa na stoo ya kuombea pini. Na ya baba yake huyu ilifungwa kwa pini ya nepi."

Mwalimu aliziba mdomo kwa kiganja.

"Ni ya Mama hiyo. Baba alipokuja likizo ya mwisho pini ya beji ilikuwa imekatika. Mama akachukua moja kwenye zile alizoninunulia mimi. Nilikuwa bado tumboni."

Akaeleza yaliyobaki, na kwa mara ya kwanza siku ile wageni walisikiliza bila kupekua bei za masinki. Mama yake yuko kitandani, amekonda, hali chakula. Maisha yake yote hajakubali kuitwa mjane. Walipokuja kumpa taarifa ya kifo aliwatoa nje kwa ufagio. Kila mwaka watu wakimwambia akubali, jibu lake ni moja: nionyesheni pini yangu. Akiiona hiyo atakubali, na atafumba macho kwa amani. Daktari amewaambia wasicheleweshe chochote wanachotaka kumfanyia.

"Nilimwahidi kwamba leo narudi nayo," Mwalimu alisema. "Nilipotoka asubuhi ameomba aogeshwe, akae tayari."

Sasa, msomaji, unajua ni kitu gani kilichobadilishwa na fahali.

Mkunga hakupoteza muda. Alimshika mdogo wake mkono wa juu, pale pale anapopajua.

"Toa gari."

"Dada, nina wageni..."

"Wageni gani? Waliobaki wanapima sinki."

Na kweli, mmoja alikuwa na futi ya kupimia mkononi.

Walipanda pikapu ya kusambazia vigae. Sajini alikaa mbele na mwanawe, wanawake nyuma juu ya maboksi, na kile kidirisha cha katikati kikiwa wazi. Kamanda aliendesha huku akilalamika mwenyewe: mara Kutu ni mwizi, mara Kanali ni mnafiki, mara dada ana kiherehere. Orodha yote hiyo na jina lake mwenyewe hakulitaja.

Mwalimu aliinamia kidirishani.

"Baba, samahani. Alikufaje?"

Sajini alikuwa anatazama maduka ya nje.

"Hakuteseka, mwanangu."

"Alisema lolote?"

"Alimtaja mama yako. Basi."

Mwalimu akalia kimyakimya, na Mkunga akamkumbatia. Hata Kamanda alinyamaza hadi sokoni, jambo ambalo kwake ni sawa na kufunga.

Mzee Kutu walimkuta kwenye meza yake ya vitasa, saa zisizotembea, vifungo vya mikanda na funguo zisizo na kufuli. Huyu ni mzee mkavu wa macho. Anaweza kukuuzia msumari ulioudondosha mwenyewe dakika hiyo.

Kamanda alimfikia kwa kifua mbele, akaibwaga nyota mezani.

"Chukua takataka yako! Nirudishie beji zangu! Umenidanganya, hii ni ya ng'ombe!"

Kutu hakuinua hata nyusi.

"Nilikwambia ni ya ng'ombe."

"Lini?"

"Hapa hapa. Nikakusomea kabisa, maana macho yangu bado mazima. Ukacheka, ukasema, 'Nani atageuza nyuma?'"

Lo! Watatu wakamgeukia Kamanda. Alitazama vitasa kwa makini kama mtu anayejenga nyumba. Kumbe alijua! Alijua tangu mwanzo, akamwacha Kanali aiapie, akawaacha watu wapige makofi, akamtazama baba yake akisimama kando ya sifa za fahali. Nimeandika juu ya watu wa ovyo wengi katika safu hii, lakini wengi wao walikuwa na haya kidogo.

Mkunga alimsogelea. Alimvua ile kofia ya madoadoa, akaitupa juu ya rundo la vyuma.

"Mzee wangu, na hii ongeza kwenye mali yako. Sasa tunaomba beji zetu, tafadhali. Kuna mgonjwa anangoja."

Kutu alimtazama Mwalimu usoni. Sijui aliona nini, lakini hakudai kitu. Aliingiza mkono chini ya meza akatoa kopo la majani ya chai, akamimina.

Sajini alizipokea kwa mikono miwili. Alizigeuza moja moja, midomo yake ikitaja majina kwa kunong'ona. Waya. Uzi wa kiatu. Moja ina kipande cha sindano. Moja imetobolewa ikashonewa. Akarudi kwenye ya kwanza, akazigeuza tena.

"Ni nne," alisema.

"Ndiyo. Ya tano imeondoka punde tu."

Mwalimu alishika ukingo wa meza.

"Umeiuza? Umemuuzia nani? Niambie tumfuate, nitampa chochote."

"Sikuiuza. Niliitoa bure." Kutu alionekana kulionea aibu jambo hilo. "Mimi, bure! Alikuja mzee mmoja, mrefu, ana kovu kutoka sikioni mpaka shingoni. Alikuwa anatafuta kitasa. Akaiokota ile beji, na kabla hajaitazama mbele akaigeuza nyuma. Hapo nikajua huyu si mnunuzi. Alipoiona pini akakaa chini, hapo hapo ulipokanyaga. Akalia, mama, mtu mzima yule, mpaka na mimi nikatafuta pa kuangalia."

"Kwa nini alie?" Mkunga aliuliza.

"Alisema ni yake."

"Yake kivipi?"

"Yake! Alisema ilikuwa kwenye kofia yake. Alisema pini hiyo aliifunga mke wake, akiwa na mimba."

Mwalimu alimtazama Kutu, akamtazama Mkunga, akarudi kwa Kutu. Kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Yuko hai," alisema. "Yuko hai! Mama alikuwa anajua! Wote tulimwona amechanganyikiwa, kumbe mwenye akili ni yeye peke yake!"

Mkunga naye machozi yalimtoka. Kamanda alianza kunyoosha shati lake, maana alikwisha kuona kwamba bila biashara yake mtu huyu asingepatikana, na mwenye kustahili shukrani sasa ni nani? Alikuwa tayari anatafuta sentensi ya kuanzia.

Lakini kicheko cha Mwalimu kilikatika. Alimgeukia Sajini taratibu.

"Baba," alisema. "Si ulisema wewe ndiye uliyemfumba macho?"

Sajini alikuwa anazirudisha beji ndani ya kopo. Moja ilimponyoka, hakuinama kuiokota.

"Ulisema alimtaja mama. Ulisema hakuteseka."

"Vita, mwanangu," alisema Sajini, akaishia hapo.

Kutu alikunja uso. Aliitazama fimbo, akautazama ule mguu mzito, halafu akautazama uso wa mzee.

"Kumbe Sajini mwenyewe ndiye wewe? Basi una salamu zako. Yule mzee aliniuliza beji imeletwa na nani. Nikamwambia mtoto wa Sajini, yule wa duka la vyoo. Kisha akaniambia nikikuona nikwambie."

"Zisubiri hizo salamu," Sajini alisema haraka. "Mgonjwa anangoja. Twendeni."

"Sema, mzee wangu," Mkunga alisema, na macho yake yalikuwa kwa baba yake.

Kutu alisema polepole, kama mtu anayeogopa kupunguza neno.

"Alisema: 'Mwambie Sajini, alipokuwa ananivua beji nilikuwa napumua. Nilimshika mkono. Nilimwambia, usiniache. Akanifumba macho kwa kiganja. Nikayafumbua. Akanifumba tena.'"

Mkunga alirudi nyuma, akajigonga kwenye meza ya jirani. Mwalimu ndiye aliyeuliza.

"Kweli, Baba?"

Na huyu mzee, ambaye wiki zote hizi nimemwandika kwa heshima, nikazimalizia dharau zangu zote kwa mwanawe kana kwamba hazitahitajika tena, alifungua mdomo wake wenye maneno machache. Ningemwombea akane. Ningemwombea aseme huyo mwenye kovu ni mwongo, ni mwendawazimu, amemfananisha.

"Alikuwa hawezi kutembea," alisema Sajini. "Adui walikuwa karibu. Tungekufa wawili, mwanangu."

"Usiniite mwanangu," Mwalimu alisema.

"Nilidhani atakufa tu. Jioni ile ile. Nilidhani..."

"Na hizo nne?" Mwalimu aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo sana. "Wenyewe walikuwa wamekufa?"

Sajini alilikumbatia kopo kifuani na kutazama chini, na jibu hilo wote walilielewa.

Mzee Kutu alikuwa amenyoosha shingo, anatazama juu ya vichwa vyao.

"Mengine muulizeni mwenyewe," alisema. "Hakuenda mbali. Alikwenda kwa fundi saa pale kona, pini imeanza kukwama, atiliwe mafuta. Huyo anarudi."

Wote waligeuka. Kati ya wachuuzi alikuwa anakuja mzee mrefu, mkavu, na lile kovu limemshuka shingoni. Alikuwa ameibandika beji kifuani, juu ya shati la kawaida, bila mahameli na bila taa. Hakuwa na haraka. Alipofika kwenye meza ya vitasa aliinua macho, na yakatua moja kwa moja kwa Sajini.

Fimbo ilianguka. Sajini alirudi nyuma kwa ule mguu wake mzito mpaka akafika mgongoni kwa mwanawe, akalishika shati lake kwa mikono miwili na kujibanza hapo, mzee mzima wa nishani.

"Mwanangu," alinong'ona, "nifiche."

Na Kamanda, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akafanya jambo la maana. Alisogea pembeni.